Vijicho vya Mkeka wa Mama

Dada Zena, shikamoo.

Mkeka wa marehemu mama ulipotea mwaka juzi, siku ya arobaini yake, ulipouazimisha bila kuniuliza, na donge lile bado ninalo. Lakini leo sikuandikii ugomvi. Nimeupata ufundi wake!

Hapa Mwera wanawake husuka ukili wa mikeka barazani baada ya alasiri, vitumbua na chai ya tangawizi katikati. Bi Mashavu, mwenyeji wangu, alikuwa anasuka vijicho vyekundu vilevile vya mkeka wa mama! Nikamwambia nimehangaika mwaka mzima na chane zangu kumi na mbili za ukindu, na kila mara vijicho vinakatikia ukingoni. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mwanangu, kumi na mbili ni za jamvi la kuanikia mpunga! Vijicho vinataka kumi na tatu. Hiyo moja ndiyo inayorudi."

Kumi na tatu, dada! Tangu juzi nimesuka pima mbili, na hakuna jicho hata moja lililopofuka. Zikifika ishirini tuna mkeka.

Ila kuushona ukili uwe mkeka siwezi. Mama alikufundisha wewe peke yako, na hilo nalo sijalisahau.

Wabusu wanangu wote wanne. Nakuletea ukindu mweupe, na nimekukumbuka kweli.

Kadi hii anakuletea shemeji yako kesho. Sasa niambie: utaushona pamoja nami, ndiyo au hapana? Nipigie kabla ya adhana ya adhuhuri, Ijumaa. Usinambie "tutaona".

Mdogo wako,
Rukia