Kiroboto Kapewa Kreni

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linasemaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Na mkaza mjomba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, ila Mama sauti imemkauka kabisa, anaongea kwa mikono. Usishtuke, si ugonjwa. Ni furaha.

Kiroboto amefaulu, Mjomba! Mdogo wangu sasa ni mwendesha kreni, cheti anacho mkononi.

Najua unacheka. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo, maana alikuwa hatulii. Akianza kufua, ndoo inabaki na povu. Akianza kusuka nywele, mtu anatoka na upande mmoja. Tena alikuwa haoni aibu kuogopa mahali pa juu. Kubadilisha taa tu, kiti tunamshikia watu wawili. Kwa hiyo aliposema anataka kukaa kwenye kile kibanda cha juu ya kreni, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Barua yako iliyopita uliuliza amefundwa au amerogwa. Mimi nalala naye chumba kimoja, nimeona kwa macho yangu. Hakubadilika tabia ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijijua tu alivyo, akajiwekea mipaka. Tangu aanze mafunzo ya kreni, simu yake alimkabidhi Mama kila jioni aifungie kabatini, akasema, "Hata nikilia, usinipe." Alilia kweli, na Mama hakumpa. Asubuhi moja ya baridi nikamwambia alale, maana naona hana hamu. Akanijibu huku anafunga viatu, "Dada, hamu ni mgeni. Akija nitamkaribisha. Asipokuja, mimi nimeshatoka."

Na usidhani alikuwa anajikondesha kwa kazi. Anakula, anacheka, na ikifika saa yake ya kulala hata harusi ataiacha inapamba moto. Woga nao hakuufukuza. Alipanda ngazi ya kreni vipande vipande. Leo anafika hapa, anashika chuma, anapumua, anashuka. Kesho anapita pale kidogo.

Mtihani wa kwanza alianguka. Msimamizi wa ujenzi alimharakisha, naye akataka kumridhisha, mzigo ukagonga ukuta. Siku hiyo alilia mpaka mto ukalowa. Kulipokucha, badala ya kujificha, akamfuata yule mama mtahini na kumwambia, "Mama, niambie nilipokosea, usinihurumie." Yule mama akamwambia. Akarudi nyumbani hana kinyongo, ana kazi ya kufanya.

Sasa sikia ya Alhamisi. Mtihani wa pili ulikuwa palepale wanapojenga wodi ya wazazi: anyanyue bunda la mabati, aliweke juu ya paa. Mimi na Mama tulisimama nje ya uzio. Wageni wakubwa walikuwa wamekuja kukagua jengo, na msimamizi alikuwa anatoka jasho la kujipendekeza. Bunda likainuka kidogo tu, likasimama. Kisha likarudi chini taratibu.

Msimamizi akapayuka kwenye redio ya mkononi, "Wewe! Pandisha, wageni wanatazama!"

Sauti ya Kiroboto ikatoka redioni imetulia kama maji ya mtungini. "Upepo unakuja. Sipandishi. Waondoe watu hapo chini."

"Nitamwambia mtahini akuandikie umeshindwa!"

"Aandike. Ila waondoe watu."

Mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. Mimi nilijua basi, kazi imekwisha. Mafundi walisogea kwa kunung'unika, hata mmoja akasema binti kaingiwa na woga. Hawajamaliza kunung'unika, Mjomba, upepo ukavuma kwa kishindo! Vumbi, mifuko ya saruji hewani, uzio wa mbao ukang'oka na kulalia ndani, palepale mafundi walipokuwa wamesimama. Lile bunda lingekuwa juu wakati ule, mabati yangeruka kama visu.

Upepo ulipopoa, mkono wa kreni ukaanza kuzunguka, bunda likapanda, likatua juu ya paa kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Hapo ndipo Mama alipopiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mafundi wakavua kofia zao ngumu na kuzipigapiga. Yule aliyenung'unika ndiye aliyeshangilia kuliko wote!

Mtahini alimngojea chini ya ngazi. Akamwambia mbele ya msimamizi, "Kunyanyua mzigo naweza kumfundisha yeyote. Kukataa huku unapigiwa kelele, hilo umejifundisha mwenyewe." Kiroboto akaitikia vizuri, akapiga hatua mbili, akakaa juu ya matofali. Akanambia, "Dada, nilikuwa naogopa tangu mwanzo." Akaangua kicheko, nasi tukacheka naye hadi machozi.

Ameanza kazi jana. Nikiwa kwenye cherehani yangu dirishani, nauona mkono mrefu wa chuma ukizunguka juu ya mapaa ya mji mzima. Wapita njia hawainui hata shingo. Mimi nasimamisha cherehani na kutazama, maana namjua aliyeushika.

Baba mdogo anakusalimu, na bibi anasema ukija usije mikono mitupu. Mpe mkaza mjomba salamu zangu nyingi, na mabinamu wote. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo, na atukutanishe tungali na meno ya kuchekea.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Fundi Cherehani wenu