Milima Tuliyoichora Buyenzi

Espe wangu,

Mama yako yuko Bujumbura. Amelala chumbani kwangu mchana huu, amechoka. Nimemfungia dirisha asisikie nyundo za mafundi wa mtaani, nikaja kukaa hapa dukani kwa kaka Shabani, penye kompyuta zake, nikuandikie. Ngoja nikueleze taratibu, maana nikianzia mwisho nitalia na sitamaliza.

Barabara ya Bugarama, ile ya kupanda kwenu, imefunguka. Mabasi yanapanda na kushuka, watu wanarudi na kabichi magotini kama zamani. Wewe ulituacha vita vikiwa bado, wakati hakuna aliyethubutu kupita kule. Ile malaria ilikuchukua upesi mno, Espe. Jumamosi ulikuwa hapa unanicheka, Jumamosi iliyofuata tunakuzika, mimi na shangazi yako uliyekuwa unakaa kwake Mutanga Sud na wenzetu wachache wa darasani. Mama yako alipata habari wakati udongo umeshakauka. Jambo hilo limenikaa kifuani muda wote huu. Sisi tulikuwepo, yeye hakuwepo.

Unakumbuka tulivyoanza? Shabani alikuwa ameweka kwenye kompyuta ule mchezo ambamo mtu anakwenda popote anapotaka. Vijana wote waliofika dukani walikimbilia magari na bunduki. Wewe ukamtoa mtu wako barabarani, ukampeleka mpaka ukingoni mwa mto, ukamwacha amesimama pale.

"We, mbona huchezi?" Shabani akakuuliza.

"Ninacheza. Mi natafuta mahali pa kukaa tu."

Tulipotoka ukaniambia tutengeneze nchi yetu wenyewe, mchezo wa kutembea, bila adui. Mimi nitaandika programu, wewe utaleta milima. Nilikubali haraka, kana kwamba naijua milima. Mtoto wa Buyenzi, Espe! Milima mimi niliiona kwa mbali tu, kila siku, juu ya mabati ya majirani, na siku hizo hakuna aliyeitazama kwa furaha.

Ardhi tuliichora kama picha ya rangi ya majivu: palipo peupe pananyanyuka, palipo peusi panazama. Nikachora, nikabonyeza, vilima vikaota. Uliviangalia ukashika mdomo.

"Zai, umepika maandazi."

Niliona haya. Ukavua kitenge ulichojifunga begani, ukakitupa mezani juu ya waya na bisibisi za Shabani, ukakisukuma kwa viganja viwili mpaka kikajikunja. Ukapitisha kidole kwenye mkunjo mmoja, kutoka juu mpaka chini, kikaingia mkunjo mwingine, na mwingine. "Angalia. Kilima hakikai peke yake. Maji ndiyo yanakikata. Fuata maji kwanza, mlima utakuja wenyewe." Shabani alitaka bisibisi yake, ukamwambia asubiri, iko bondeni. Tulicheka mpaka mteja akarudi nje.

Nami nilitawanya miti kama mtu anayetia chumvi. Ukanifutisha karibu yote. Ulikuwa unaugusa mti kwenye kioo na kuuliza, "Huu unakunywa wapi?" Nikikosa jibu, mti unafutwa. Mafunjo yakabaki bondeni, miti yenu ya mirinzi ikapanda juu kidogo na maua yake mekundu, na kileleni ukaacha majani matupu ili mtu apate upepo. Upepo wenyewe tulihangaika nao mwezi mzima. Njia za miguu ulizichora wewe, zikizunguka mlima, kwa sababu ng'ombe hapandi wima. Ulitaka kila mtu asimamapo aone kitu kimoja cha mbali kitakachomvuta: mwamba, maji yanayong'aa, mti uliojitenga.

Milio ya risasi ikianza upande wa Gihosha, ulikuwa unaondoa mkono kwenye kipanya, unangoja. Ikitulia, unaendelea kupanda miti. Sikuwahi kukuuliza unawaza nini.

Mara moja tu tuligombana. Niliweka nyumba. Nilifikiri nitakufurahisha: nyumba ndogo mahali mchezo unapoanzia, moshi ukitoka. Uliitazama, ukachukua mkoba wako, ukaenda. Sikukuona wiki nzima. Uliporudi ulisema ukiwa bado umesimama mlangoni:

"Nyumba apana, Zai. Mi niliziona zinawaka zote, yetu ikiwa ya tatu. Nikiichora, kila ukizima kompyuta nitaipoteza tena."

Niliifuta mbele yako. Hatukulizungumza tena.

Basi, barabara ilipofunguka nilimwomba Shabani anisindikize. Kompyuta isingefaa, kwenu hakuna umeme, kwa hiyo nilichapisha picha za nchi yetu kwa rangi, nikazifunga kwenye plastiki. Kule Bugarama nilitetemeka kwa baridi, abiria wakanicheka. Halafu ukungu ukafunguka, Espe, nikayaona mabonde. Yale yale, mkunjo unaoingia mkunjo. Nilimshika Shabani mkono, nikamwonyesha kwa kidole.

Lakini nikuambie ukweli, maana wewe hukupenda nikufiche. Kilima chenu kimenyolewa. Watu wamekata miti kwa makaa na kwa kujengea upya. Mto wako, ule uliouchora mpana, naweza kuuruka. Au uliuona mpana kwa sababu ulikuwa mtoto, sijui. Mwamba upo. Niliugusa kwa niaba yako.

Mama yako alinipokea bila kuniuliza mimi nani. Nilipotaja jina lako alikaa chini, palepale kwenye majani. Tulizungumza Kiswahili chake cha zamani, cha kuleta viazi sokoni Bujumbura. Nikamwonyesha picha. Ya kwanza aliishika kichwa chini. Ya pili akaitazama sana, kisha kidole chake kikaanza kutembea, kikizunguka mlima polepole.

"Hapa alikuwa anapita na mbuzi," akasema. "Nani alikuonyesha?"

"Yeye."

Akaendelea kutafuta. "Na nyumba yetu?"

Nilimwambia ulivyoniambia mlangoni. Nilichagua maneno, lakini niliyasema yote. Nyuma yake palikuwa na nyumba mpya, mabati yake bado yanawaka kwa jua, na pale ilipokuwa ya zamani amepanda maharage. Shabani akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Nyumba mi ninayo hii," mama yako akasema mwishowe. "Muache na majani yake."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa kipya kichwani, akasema anashuka na sisi. Jirani atalisha kuku.

Leo asubuhi tumekwenda kwako. Amepalilia kaburi kwa mikono, amekataa jembe. Amekuombea kwa namna yenu, nami nimekuombea kwa namna yetu. Ametaka kubaki naye peke yake, yaani nawe, nikasimama mbali mpaka aliponiita.

Kutoka makaburini nimemleta hapa. Nimewasha kompyuta, nimemweka kwenye kiti chako, nimemwonyesha kitufe cha kwenda mbele. Mwanzoni alikuwa anakigusa kama kitamchoma. Baadaye hakukiachia. Amepita mafunjo, amepanda kwa njia ya ng'ombe, amesimama kileleni, na nimemsikia anakuita, kwa sauti ndogo, jina la nyumbani ambalo mimi hukuniambia kamwe. Silitaji hapa. Ni lake.

Ameteremka upande wa pili, akaenda, akaenda, mpaka pale nchi yetu inapokwisha. Mimi nilitaka kujenga ukuta pale, unakumbuka, wewe ukasema vizuizi vya barabarani vinatutosha, ukaweka ukungu. Mama yako akasukuma kitufe, mtu hasogei.

"Huku kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Espe aliishia hapo."

"Hakuna kitu vipi? Huku ni kwetu. Mi nimezaliwa huku, kabla ya kuolewa. Kuna bonde jembamba, maji yake ya moto kidogo asubuhi. Yeye hakupajua vizuri, alipelekwa mara moja akiwa mgongoni." Akanigeukia. "We unaweza kuchora?"

Nikamwambia ninaweza. Akasogeza kiti, akaanza kunieleza, akinirekebisha kwa mkono kwenye kioo kama ulivyokuwa ukifanya, mpaka usingizi ukamshinda ameketi, ndipo nikampeleka chumbani kwangu.

Espe, nakuahidi hivi: nitapachora kwao mama yako, mahali alipozaliwa, kila atakaposhuka, hata ikichukua miaka. Nitauliza kila mti unakunywa wapi. Nyumba sitaweka, isipokuwa yeye mwenyewe aniombe. Na barabara ikiwa nzima, nitapanda kwake mimi pia, nimpelekee chumvi na sabuni na habari za mji.

Pumzika, rafiki yangu. Bonde la kwanza nimeshalianza.

Wako,
Zaituni