Siku Tupu za Mzani wa Ikolo

Dar es Salaam

Kaka Ambokile, mugonile.

Kabla ya lolote niambie kifua chako. Shemeji aliniandikia kwamba bado unakohoa, na kwamba ukiulizwa unasema ni vumbi la magunia. Vumbi gani hilo, Kaka, na mvua za huko hazijakatika? Nenda hospitali. Na watoto wa marehemu dada, shule wanaiendeaje? Mimi nakula na nalala, ila moyo haujatulia. Nimeona heri uyasikie haya kwangu kabla hujayasoma kwenye barua ya kampuni: kazi yako ya mzani iko hatarini, na mkono wangu umo.

Nianzie mbali kidogo. Unajua hapa makao makuu niliajiriwa kunakili hesabu za kakao mnazotuletea ninyi makarani wa vijijini, wewe wa Ikolo na wenzako wa Ngana na Katumba Songwe. Kutwa kunakili, kutwa kujumlisha. Kompyuta zilipokuja wakapewa wenzangu waliosomea chuoni, mimi nikabaki na kalamu yangu. Nikajua zamu yangu ya kupunguzwa inakuja, maana tangu biashara iwe huria hilo neno halitoki midomoni mwa watu hapa mjini.

Ada ya chuo sikuiweza. Lakini karibu na ninapopanga kuna duka la intaneti, na dada mwenye duka akanionyesha kwamba masomo ya kompyuta yamo humo humo, tena bure, unalipia kukaa kwenye kiti tu. Kuna vyuo vikuu vya ng'ambo vimeyaweka wazi, na kuna watu wengine wameyaandika kwa mapenzi yao, basi. Nilisubiri waniambie sasa toa chochote. Hawakusema. Nikawa nayahamishia kwenye disketi na kuyasoma ofisini kwenye kompyuta za wenzangu wakienda kula. Kiingereza chake kilinitoa jasho, usinicheke. Lipo somo la kuiamuru mashine irudie kazi ile ile mpaka iishe. Nililisoma likagoma, nikalirudia likagoma. Halafu nikakukumbuka wewe mzanini: gunia linapanda, unasoma uzito, unaandika, linashuka, linapanda jingine, mpaka foleni iishe. Nikaelewa papo hapo. Ndaga fijo, asante sana Kaka, hata hilo ulinifundisha wewe.

Meneja alipopata habari kwamba najifunza, akaniambia nitengeneze programu ya kujumlisha kakao ya kila kituo cha mzani kwa kila siku. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nikaiweka Ikolo juu kabisa, mbele ya vituo vyote, ili wakubwa waone jinsi kazi ya kaka yangu ilivyonyooka.

Programu ilipokubali kufanya kazi, nikaona Ikolo imejaa sifuri. Katikati ya msimu, kakao inamiminika, siku nzima nzima hakuna hata kilo moja. Nikajua nimeharibu mahali. Nilipekua programu yote nisione kosa. Sasa huko mtandaoni pana ukumbi ambapo anayejifunza anauliza na wajuzi wanamjibu, hawakuulizi malipo wala kwenu ni wapi. Nikaiweka kazi yangu yote pale. Mtu mmoja, hata nchi yake siijui, akaipitia mstari kwa mstari, akanijibu kwamba programu haina kosa, nikatazame siku hizo huko kwetu palitokea nini.

Nikatazama tarehe. Za kwanza zilikuwa za mama.

Ni zile siku za mvua ambazo watu hawakubanduka kwenye migomba yetu mpaka tulipomlaza. Zinazofuata ni za dada. Zinazofuata ni za yule fundi cherehani, halafu za mkewe, halafu za vijana wale tuliocheza nao mpira, mmoja baada ya mwingine. Kila ulipofunga mzani ukaenda kuzika, mashine imeandika sifuri. Nililia pale pale mbele ya kioo cha kompyuta, na dada mwenye duka akadhani nimepokea habari ya msiba.

Ningeweza kuzificha. Nilishajifunza namna ya kuiambia programu iziruke siku tupu. Lakini ofisini meneja hakusubiri, alikuja mwenyewe kusimama nyuma ya kiti changu.

"Hii Ikolo inaumwa?" akauliza.

"Ni misiba, bosi."

"Misiba yote hii?"

"Ndiyo yote. Kwetu mtu akifa tunafunga kazi mpaka azikwe."

"Mnafunga ninyi. Mimi sijafiwa."

Nikamweleza kwamba hata ukifungua hatakuja mtu, maana wakulima wenyewe wako msibani. Akasema wa kijiji cha pili hawako msibani, watakuja. Kisha akanigonga begani akasema, "Si wewe uliyenionyesha? Kazi nzuri." Kaka, sijawahi kuchukia sifa kama siku ile.

Basi wameamua hivi. Kila karani ataletewa barua atie sahihi kwamba atafungua mzani siku zote za kazi "bila kujali matukio ya kijamii", ndivyo walivyoandika. Asiyetia sahihi, kituo chake kitafungwa, na watu watasukuma magunia kwa baiskeli mpaka Kyela mjini. Nami nimeamriwa kuongeza kipande cha programu cha kutia alama nyekundu kwenye kituo kitakacholala bila kufunguliwa. Nimeshakiandika. Kinafanya kazi. Wamenipa meza yangu na kompyuta yangu, na kila asubuhi nikiikalia naona haya.

Nimejiuliza nikushauri nini. Watoto wa dada wanakula kwa mzani huo, wa kwako pia, na kifua chako si cha kushika jembe tena. Kwa upande huo ningekwambia tia sahihi, ufumbe macho. Nilishaanza kuandika barua ya namna hiyo nikaichana.

Msalimie shemeji, mwambie barua yake niliisoma mara nyingi. Wasalimie watoto wote, na mkubwa wa dada umwambie asiache hesabu. Msalimie shangazi wa Katumba Songwe akivuka kutoka Malawi na biashara zake.

Na zaidi ya wote nisalimie Mzee Asajile, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Siku mama amelala ndani yeye alikuja na gunia lake kwenye baiskeli, hakuwa na habari ya msiba. Ulipomwambia alilishusha, akaliegemeza kwenye mgomba, akauliza jembe liko wapi. Kakao yake ililowa yote na hakuitaja hata mara moja. Shemeji anasema sasa haamki tena kitandani. Siku yake ikifika, Kaka, funga mzani uende ukamchimbie. Alama nyekundu niachie mimi.

Mdogo wako,
Ipyana