Walioketi Nje ya Waya

Galbet, Garissa
Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri

Mpendwa Wanji,

Tangu jana jioni nina sauti moja masikioni ambayo haitaki kutoka. Ni vigelegele. Si kama vya harusi, maana vya harusi huanzwa na mtu mmoja, wengine wakamfuata. Hivi vilipasuka vyote kwa pamoja, kama mvua ya kwanza inavyoangukia mabati, na vilitoka upande wa uwanja ambao mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika kwamba hauna mtu.

Nisamehe, nimetanguliza habari kabla ya salamu, na Hooyo, mama yangu, angenisikia angenikemea. Assalamu aleikum, dada yangu. Na kwa mama yako, Bwana asifiwe, vile tulivyozoea kusalimiana mlangoni kwenu. Hujambo? Mtoto ameota meno? Goti la mama linasemaje na baridi ya huko Nyahururu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile uliloliacha siku baba yako alipohamishwa kutoka idara ya maji. Hooyo bado anauza maziwa ya ngamia sokoni, na kila nikikutaja anauliza kama hatimaye umenenepa.

Nilikuandikia kwamba nimepata kazi, ila sikukueleza ni kazi gani. Wanji, wamejenga uwanja wa mpira hapa. Si kiwanja kama kile chetu cha nyuma ya machinjio, tulipopanga viatu vyetu viwe magoli na kunguru wakatucheka. Ni uwanja hasa: nyasi, taa nne ndefu, na viti elfu sita vya rangi ya chungwa. Siku ya kwanza nilipokabidhiwa funguo niliingia peke yangu, nikaketi katikati ya jukwaa, nikajikuta nimekunja mikono kama mtu aliye msikitini. Sijui kama utanielewa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekaa akachora viti elfu sita akiwa anatuwazia sisi.

Kazi yangu ni kuhesabu watazamaji. Baada ya mapumziko ya kila mchezo napita majukwaani na fomu, naandika idadi ya viti vilivyokaliwa, natia sahihi, nampelekea mkuu wangu, Bwana Murithi. Huyu ni mtu wa Meru, mwema, mwenye utani. Siku timu ya wanaume ilipocheza viti vikabaki wazi karibu nusu, alisema kumbe sisi tulilia miaka yote tunataka uwanja, tulikuwa tunataka wa kupita tukiutazama. Siku timu ya wasichana ilipocheza alisema unamkumbusha kanisa Jumatatu.

Timu hiyo inaitwa Nyota wa Galbet, na nahodha wake ni Hamdi. Utamkumbuka: binti wa Abdinoor muuza mbao, yule mdogo aliyekuwa akitufuata tukienda kucheza, nasi tukimfukuza. Sasa ana miaka kumi na minane, anacheza na hijabu yake na suruali ndefu, na akiupata mpira kwa mguu wa kushoto, wewe mtazamaji unajishika kifua. Baba yake alimkatalia miaka miwili. Uwanja ulipofunguliwa akalegeza, lakini kwa sharti moja: acheze humo ndani tu, penye mlango na mlinzi, wala siku moja asirudi kule machinjioni ambako kila mpita njia anasimama kutoa maoni. Hamdi akakubali. Basi wakapewa kila Alhamisi, saa kumi na robo, watu wakishamaliza swala ya alasiri.

Mchezo wa kwanza niliandika watu arobaini na mmoja. Wa pili, thelathini na saba. Bwana Murithi aliniita akaniambia, bila furaha, kwamba kamati inakutana Jumatatu, na kama Alhamisi ya tatu haitafika watu mia tatu, siku hiyo itatolewa kwa shughuli nyingine. Nilijua maana yake. Kamati ingeondoa siku moja kwenye ratiba. Hamdi angeondolewa mpira maisha yake yote.

Mlinzi wa lango ni mzee Korane, aliyechunga ngamia hadi ukame ulipomleta mjini. Mimi namwita adeer, baba mdogo, naye ananiita adeer vile vile, kama ilivyo desturi yetu. Tangu siku ya kwanza hakuipenda fomu yangu. Aliniambia kwamba kuwahesabu watu kwa kuwanyooshea kalamu ni kuwaitia jicho baya, na akaniuliza kama Hooyo amewahi kunihesabu mimi na ndugu zangu. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi kwamba serikali haiwezi kupanga kitu bila hesabu. Akacheka. Akasema yeye alikuwa na ngamia wengi, na hakuna jioni hata moja aliyowahesabu. Mchungaji husimama penye ua wakiingia, na moyo wake humwambia nani hayupo. Kisha akaniuliza, sasa wewe na karatasi yako, huko majukwaani nani hayupo? Nikageuka kuyatazama. Niliona viti vya chungwa tu.

Ikafika jana. Wageni walikuwa wasichana wa Rhamu, waliosafiri siku mbili, vumbi lingali kwenye nyusi. Jukwaa kuu lenye paa lilikuwa na wazee kadhaa, walimu, wafanyakazi wa ofisi. Jukwaa la wanawake liko mkabala nalo, halina paa, na saa hizo jua linakupiga usoni kama anayekudai jibu. Walikaa hapo wanawake tisa. Nilijaza fomu mapema, hata kabla ya mapumziko. Nilikuwa na haraka ya kumaliza jambo nililojua mwisho wake.

Dakika chache kabla ya mapumziko Hamdi aliupokea mpira katikati ya uwanja. Akampita wa kwanza, akampita wa pili kwa kujifanya anasimama, kisha akapiga kutoka mbali sana, mahali ambapo mimi na wewe tungetafuta wa kumpasia. Mpira ulipanda, ukazama nyuma ya mlinda lango kama kitu kilichoitwa nyumbani. Majukwaani walipiga makofi ya adabu. Na hapo ndipo vilipopasuka vile vigelegele, kutoka nyuma ya goli la kaskazini, ambako fedha za ukuta ziliisha wakamalizia kwa waya wa wavu, na nyuma ya waya ipo miarobaini.

Korane alikuwa amesimama karibu nami. Alifungua mlango mdogo wa huko, akanishikia.

Wanji, walikuwa wamejaa kutoka pembe hii ya waya hadi ile. Walikaa juu ya mikeka, juu ya mitungi ya maziwa iliyopinduliwa, juu ya mikokoteni ya punda huku punda wamefunguliwa wanakula maganda. Walikuwapo bibi wenye tasbihi, wanafunzi waliotoka madrasa, mabibi harusi wa mwaka huu wenye hina bado miguuni. Chupa za chai zilikuwa zikizunguka. Na walikuwa wanaujua mpira! Mmoja alimwambia refa, kupitia waya, aoshe macho kwa mkojo wa ngamia, dawa ya bure. Mwingine alimwambia beki wa Rhamu kwamba anakimbia kama mbuzi aliyemeza mfuko wa plastiki, akafikiri kidogo, akaongeza kwamba hata hivyo ni mzuri, na akitaka mume abaki Garissa. Yule beki alicheka hadi akaupoteza mpira. Nilihisi kama siku ile ya kwanza katikati ya viti, ila safari hii niliwaona wale waliowaziwa.

Niliuliza kwa nini hawaingii, ilhali mlango ni wa bure. Mama mmoja alinitazama kama anayetazama mtoto aliyerudi kutoka bweni hajui kukanda unga. Akaniuliza, mkabala na jukwaa letu wameketi kina nani? Wakwe zetu, mashemeji, maimamu. Mwanamke atapigaje vigelegele na baba mkwe wake amemkazia macho? Aliyechora jukwaa lile, alisema, hana mke, au anaye lakini hajamuuliza kitu.

Mpaka hapa, Wanji, nimekusimulia kama kwamba Korane alinionyesha jambo jipya. Si kweli, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia kabla sijaizoea hadithi yangu mwenyewe. Niliwaona Alhamisi ya kwanza kabisa. Nilikwenda kaskazini nikiwa na fomu, nikachungulia waya, nikawaona wote. Na mstari wa mbele, juu ya mtungi wake, alikuwa Hooyo.

Alikuwa amevaa lile joho lake la kazi lenye madoa ya maziwa. Nyuma yangu walikuwa wanakuja Bwana Murithi na wenzangu wawili wa ofisini, wenye suti na vitambulisho shingoni kama changu. Sikuwa nimewaambia kazi ya mama yangu. Waliponiuliza nikasema baba alikuwa mwalimu, jambo ambalo ni kweli, nikaacha hapo. Nikageuka. Nikawaambia upande ule hakuna mtu, turudi, jua ni kali. Jioni nilijiliwaza kwamba fomu inauliza viti, na mtungi si kiti. Wiki ya pili sikukaribia kabisa. Kwa mara mbili mimi, niliyecheza nyuma ya machinjio, nilimwandikia Hamdi kifo cha mpira wake ili watu watatu wasijue kwamba nimelelewa kwa maziwa ya sokoni.

Jana niliichana fomu. Nilitaka kuwahesabu, lakini nilipoinyoosha kalamu tu, bibi mmoja akaufunika uso wa mjukuu wake na kuniambia niende nikahesabu kunguru. Nikasema sitahesabu, nitaandika majina. Wakashauriana. Korane akawaambia kwamba ngamia hahesabiwi lakini kila ngamia ana jina, na anaitwa kwa hilo jina penye kisima. Wakacheka, na yule bibi akawa wa kwanza kutaja lake, na la baba yake, na la babu yake, kama mtu anayefungua sanduku. Niliwagawia wanafunzi karatasi waniandikie upande wa pili. Nusu yote ya pili sikuuona mchezo. Niliusikia tu juu ya kichwa changu. Tuliandika mpaka adhana ya magharibi.

Nilipomfikia Hooyo sikuweza kuinua macho. Naye hakuyaondoa yake uwanjani. Akataja, kama kwamba simjui, Yurub Keinan Abdikarim, kisha akasema niandike kwa herufi kubwa maana watu wa ofisini hawaoni mbali. Basi nikafahamu kwamba siku ile ya kwanza alikuwa ameniona nikimwona. Wiki mbili alinipikia, akanipigia shuka pasi, hakusema.

Nisalimie mama, umbusu mtoto, umwambie ana shangazi mkali wa jangwani. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari michache. Na Mungu akikupa nauli na likizo, njoo Alhamisi yoyote, kama Alhamisi bado zitakuwepo. Tuombeeni Jumatatu.

Ripoti imo mikononi mwa Bwana Murithi tangu saa tatu asubuhi. Nimeambatanisha barua inayosema kwamba kosa la zile fomu mbili za mwanzo ni langu, kwamba niliwaona watu na sikuwaandika, na sababu yake. Alifunua kurasa kumi na tisa za majina, akatafuta mahali pa jumla, akaniuliza ni wangapi. Nikamwambia mimi siwahesabu. Yeye na kamati wahesabu wenyewe, kwao hakuna mwiko. Hakucheka. Aliirudia ile barua yangu, kisha akarudi ukurasa wa saba, akauinamia, nami nilijua anasoma wapi. Kando ya jina la Yurub Keinan Abdikarim, muuza maziwa, nimeandika kwa kalamu ile ile: mama mzazi wa mwandishi wa ripoti hii.

Ni mimi rafiki yako,
Filsan Mustafe