Wakala wa Tisa

Kilema, Moshi
12 Septemba 2002

Dada Lukresia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na shemeji Fredy mkiwa wazima, na kwamba goti lako limetulia sasa baridi ya Songea inapopungua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Margareta anakusalimu sana na anasema maharage uliyomtumia yameota yote, isipokuwa yale yaliyofukuliwa na kuku. Mimi nina kifua kidogo asubuhi. Usinipe pole, kwa sababu daktari aliniambia niache sigara nami nikamwambia alete hoja.

Barua yako ya mwishoni mwa mwezi uliopita niliichukua parokiani Jumatatu. Unauliza kwa nini mwanao Hilda amerudi nyumbani kabla ya kumaliza utafiti wake, kwa nini kila ukimgusia anajibu kwamba mashine iliharibika kisha anakwenda kuosha vyombo. Unasema mwalimu wake wa chuo kikuu amempa hadi Desemba, na asipokuwa na vipimo kamili vya maji ya mfongo wetu kazi ya miaka miwili itakwenda bure. Dada, mashine haikuharibika. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe univumilie, kwa sababu kuandika kwa kifupi sikujifunza.

Hilda alifika Juni na begi moja, kompyuta ile inayofunguka kama kitabu, na vijiti saba vya kupimia maji vilivyochorwa alama. Margareta akampa chumba alichokuwa akilala mama. Siku ya pili alinikalisha mezani akanieleza kwamba ndani ya mashine ile anaujenga mfongo wetu upya, tangu maji yanapochepushwa mtoni hadi shamba la mwisho kule chini, na kila kaya kati ya zile thelathini na moja zinazokunywa humo ataipa wakala wake. Wakala huyo si picha ya mtu. Ni maandishi tu, lakini amepewa mambo matatu: anachokijua, anachokitaka, na anachokusudia kufanya. Anaijua zamu yake na anayaona maji yanayopita mbele yake, basi. Ya wenzake wa mbali hayajui. Anataka migomba yake inywe. Kwa hayo machache anajiamulia mwenyewe afungue au azibe, amwombe jirani au angoje kesho. Hakuna mkubwa anayewapangia. Hilda alisema utamu wa elimu hii uko hapo, kuwatazama thelathini na mmoja wasiojua yote wakipata utaratibu ambao hakuna hata mmoja aliyeutunga, au wakiupoteza.

Unanijua. Sikumwacha hata amalize chai. Nilimuuliza: wakala wa nani? Nikamwambia kwamba tangu soko huria liingie, neno hilo huku mlimani lina maana moja tu, mtu mwenye mizani ya uongo anayekuja kununua kahawa mlangoni kwako kwa niaba ya tajiri usiyemwona. Wakala lazima awe ametumwa. Asiye na tajiri si wakala, ni mtu. Hilda alicheka, akaliandika hilo kwenye daftari, akasema mjomba umenipa sura nzima ya kazi yangu. Niliringa siku tatu.

Lakini usidhani nilikuwa peke yangu na neno hilo. Alipokwenda kuomba ruhusa kwenye mkutano wa mfongo, baada ya misa ya pili, aliwaambia kwa adabu zote kwamba anataka kuweka mawakala thelathini na mmoja wenye akili, wanaojiamulia bila kuuliza. Ungewaona walivyogeukiana. Mzee Basili, ambaye bado ndiye mwenyekiti wetu, akauliza mawakala hao ni wa hapa au wa Dar, na watalala kwa nani. Hilda akajibu kwamba watalala wote ndani ya mashine. Denis wa kule chini akasema wale wa kahawa wasio na akili wametumaliza, hawa wenye akili tuwakimbie mapema. Mwingine akataka kujua kama maji nayo yamebinafsishwa. Nikasimama mimi. Nikawakumbusha tulivyokuwa tukipanga mbegu za parachichi uani utotoni, hii ng'ombe wa fulani, hii ndama wake, na hakuna aliyeogopa kwamba mbegu zitakula majani. Mashine ya binti huyu ni mchezo huo huo, ila mbegu zake zinatembea zenyewe. Basili akasema sawa, ilimradi hazinywi pombe yetu ya mbege. Wakampa ruhusa.

Kwa hiyo elewa, dada, kwamba maana ya neno wakala niliijua vizuri. Ni mimi niliyewaeleza wengine.

Hilda alifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Alipanda na kushuka mfongo kila siku akisoma vijiti vyake, akikaa na watu, akiandika kila mmoja hufungua saa ngapi na huziba saa ngapi. Watu walimpenda. Walimweleza na habari ya Kornelia, na wewe sikuwahi kukuandikia habari hiyo. Kornelia ni yule mjane wa marehemu Godwin, mwenye shamba la pili kutoka mtoni. Kwa miaka miwili watu wa chini wamekuwa wakikosa maji wakati wa kiangazi. Mwaka jana walikutana, wakasema aliye karibu na chanzo ndiye anayeiba, na nyanya zake si zimekolea kijani? Wakamnyang'anya zamu. Tangu hapo anachota maji kwa ndoo kutoka chemchemi ya misheni. Ng'ombe wake amempeleka kwa kaka yake Mwika, kwa sababu kumchotea na yeye hawezi. Nyanya zilikauka. Mimi nilikuwapo kwenye mkutano ule tangu mwanzo hadi mwisho na sikusema neno. Aliyenijua angejiuliza kwa nini.

Jumapili ya tarehe 25 Agosti Hilda alikuwa awaonyeshe watu wa mfongo alichokipata. Paroko alimruhusu kutumia umeme na meza. Kabla hajafungua mashine niliomba nafasi. Niliwauliza watu: hawa mawakala ni wa nani? Nani amemtuma binti huyu, na kwa nini anahesabu maji yetu? Niliwakumbusha kwamba hata wale wa kahawa walianza kwa kuja na madaftari, wakihesabu miti, wakitabasamu. Leo miti, kesho mfongo. Nilizungumza vizuri, dada. Nadhani sijawahi kuzungumza vizuri vile. Denis, yule wa mzaha, alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Mwanamke mmoja akasema ndiyo maana binti huyo alikuwa akiuliza hadi saa za kuamka. Mzee Basili alijaribu kuwatuliza akashindwa, mwishowe akamwambia Hilda aende akaving'oe vijiti vyake kabla ya jioni. Hilda alinitazama mara moja, akafunga mashine. Asubuhi yake aliniamkia kama kawaida, akamshukuru Margareta kwa kumtunza, akapanda gari la Moshi.

Sasa nirudi siku tatu nyuma, kwa sababu hapo nimeruka jambo kwa makusudi.

Alhamisi Hilda alikuja kunitafuta kwenye miche yangu ya kahawa. Alikaa juu ya ndoo, akafungua kompyuta mapajani, akanieleza taratibu, macho yake yakiwa kwenye kioo cha mashine. Alisema amegundua jambo kwa watu halisi kwanza. Kaya za juu, ya kwanza hadi ya nane, ukimtoa Kornelia asiye na zamu, huziba kwa wakati, kama babu zetu. Kuanzia ya kumi hadi ya mwisho, kila mmoja hupitiliza zamu yake, huyu robo saa, yule nusu saa. Wala si kwa ubaya. Mtu akiona maji yamekuja pungufu mara mbili tatu, huogopa kwamba kesho yatapungua tena, basi hujiongezea leo. Wa chini yake naye anaona pungufu, naye anajiongezea. Hofu inateremka na maji. Mawakala wake ndani ya mashine walifanya vile vile bila yeye kuwafundisha, mara tu alipomfanya mmoja wao aibe. Akamfanya wa pili, Kornelia, kuwa mwizi: hofu ikaanza kwa wa tatu, na kwa watu halisi wa tatu hana hofu yoyote. Akajaribu wa nne, wa sita, wa ishirini. Haikulingana. Akajaribu mmoja anayefungua saa mbili tu kwa juma, Jumapili, wakati wa misa. Picha ikawa ile ile ya mfongo wetu, kaya kwa kaya. Hofu huanza mara tu chini ya mwizi, alisema. Kisha akaniuliza: mjomba, huyu wakala wa tisa ana tabia gani?

Kaya ya tisa ni yetu, Lukresia.

Ni mimi. Unajua nimegombana na paroko tangu ile homilia yake ya kutuhubiria utii, na mwaka wa nne sasa siendi misa. Watu husema Melkior ana msimamo. Hakuna aliyewahi kuuliza msimamo huo hufanya nini kuanzia saa tatu hadi saa tano, kanisa likiwa limejaa na mfongo hauna mtu. Nina miche mia mbili ya kahawa. Nimeandika gazetini mara tatu nikiwashambulia wanaong'oa kahawa, nikiwaita walioshindwa kabla ya kupigana, nikitoa mfano wa shamba langu mwenyewe, ambako miche inastawi katikati ya kiangazi kwa matandazo na nidhamu. Ndivyo nilivyoandika: matandazo na nidhamu. Miche ile ilinyweshwa maji ya wizi. Sikuwa na njaa wala mgonjwa. Niliiba ili nishinde hoja.

Na nilipokuwa nikiiba nilijiambia kwamba saa mbili si kitu. Kwa hesabu hata Hilda anakubali kwamba si kitu; saa mbili zangu hazikuweza kuukausha mfongo. Ulikaushwa na kaya ishirini na mbili zilizo chini yangu zilizoacha kuaminiana, na aliyepanda kutoaminiana huko ni mimi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jamii zinavyooza. Havikunisaidia kuliona hilo pale mfereji unapopita nyuma ya jiko langu.

Hilda hakunitaja. Namba za kaya aliziandika mwenyewe, alijua. Alisema anaweza kuwaonyesha watu kwamba si Kornelia bila kutaja ni nani, iwapo yule wa tisa ataacha na kusema mwenyewe. Alinipa siku tatu. Nilizitumia kutayarisha hotuba.

Tangu aondoke sijafungua maji ya Jumapili. Margareta nilimwambia wiki iliyopita. Kesho yake nikamkuta ameloweka ulezi. Akasema mbege ya kaya thelathini na moja haitoshi kwenye mtungi wetu, nikaazime mwingine. Kwa desturi ya mfongo, kama unavyokumbuka, aliyeiba huleta mbege na kuusafisha mfongo peke yake, kutoka mtoni hadi shamba la mwisho, huku wengine wakitazama. Nina miaka hamsini na miwili na kifua hiki. Nitausafisha.

Juzi Jumanne nilikwenda kwa Kornelia. Nilimkuta akimenya ndizi. Sikukaa. Nilisema yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisema kwa kifupi. Aliendelea kumenya hadi beseni likajaa. Halafu akaniuliza kama na hayo nitayaandika gazetini, maana mimi huandika kila kitu. Akaniambia nimpishe, anataka kwenda kuchota maji. Nilinyoosha mkono nichukue ndoo. Akaiweka upande wa pili.

Jumapili hii, baada ya misa ya pili, nitasimama mbele ya watu. Nimemwomba mzee Basili nafasi, akacheka, akasema tangu lini mimi nikaomba. Sijui kama wataniachia zamu yangu. Sijui pia kama watamrudishia Hilda ruhusa, maana neno nililolichafua halisafishiki kwa siku moja. Hilo ni lao kuamua. La Kornelia si la kuamua. Zamu yake ni yake, na nitalisema hilo kwanza kabla sijasema jingine. Mhariri wa gazeti naye nimemwandikia ukweli wa miche yangu, kurasa mbili tu, na barua yake itatoka posta siku moja na hii.

Nakuomba mpe Hilda barua hii aisome yote mwenyewe, usimsomee. Usimbembeleze arudi. Akitaka kuja, chumba cha mama kiko wazi na Margareta anamsubiri. Asipotaka, mwambie ana haki, na kwamba nitavisoma vijiti vyake mimi kila siku hadi Desemba na kumtumia namba, kama wataniruhusu kuvisimamisha tena.

Msalimie shemeji Fredy, na majirani zako wote wanaonikumbuka. Goti lifunge usiku kwa kitambaa cha joto. Na Hilda akifika kwenye ile sura ya kazi yake, penye wakala wa tisa asiandike namba. Aandike jina langu.

Mdogo wako,
Melkior