Karafuu za Idi

Makiso, 10 Desemba 1999

Yaya Khadija,

Namushukuru Mungu kama barua hii inakukuta muzima. Tumbo iko namna gani na Ramadhani? Sisi tuko, ila mutoto wangu Prudence ana homa.

Habari ya kindi wanaotafuna mahindi yetu ilinikata maini. Tangu vita ya Augusti itutoe Lubunga, lile shamba la huko karibu na kwako ndilo tumebaki nalo. Kindi wakimaliza, watoto wangu watakula nini? Mimi sipati karatasi ya kuvuka mto. Donc ni wewe tu, jirani yangu wa siku zote. Twanga pilipili kavu na kitunguu saumu, changanya na majivu, ingiza kwa ncha ya kila hindi. Kindi akionja mara moja atahamia Yangambi! Funga kitambaa puani.

Mudogo wako, Kasoki

Lubunga, 14 Desemba

Mudogo wangu Kasoki,

Salaam kwako na watoto. Homa ya Prudence imeshuka?

Kitunguu saumu haikutosha, nikaongeza karafuu zangu za pilau ya Idi. Usinikemee. Bwana yangu Yusufu akaniuliza, "Unawapikia kindi karamu?" Nilicheka mpaka nikapiga chafya. Bon, siku tatu hakuna hindi lililotafunwa.

Lakini askari wamepiga kambi kwa gare ya treni, wanapita shambani wakitazama mahindi. Nilitaka kuwaonya juu ya pilipili. Yusufu anasema tukiwaonya, tumewaita.

Yaya yako, Khadija

Makiso, 19 Desemba

Yaya,

Uko muzima? Désiré, yule wa mutumbwi anayetubebea barua, alivusha samaki, barua hana. Sokoni wanasema askari wa Lubunga walichoma mahindi ya mutu, midomo ikavimba, na sasa wamekamata mama mumoja, eti aliwapa sumu. Niambie si wewe! Pilipili ni mimi niliyekutuma. Wakitaka mutu, wape jina langu. Rozari haitoki mukononi.

Kasoki wako

24 Desemba

Yaya, Désiré anasema mulango wenu umefungwa. Kesho ni Noeli, sina hamu ya kuimba. Niandikie hata neno moja.

Kasoki

Lubunga, 27 Desemba

Mudogo wangu,

Tuko hai, al-hamdulillahi. Walikuja saa sita mchana. Mukubwa wao akashika hindi: "Sumu hii ni yako?"

"Ni viungo vya jikoni, afande. Ya kufukuza kindi."

"Alors, kula."

Nami nimefunga! Yusufu alitaka kula mahali pangu, wakamusukuma chini. Nilisema bismillahi, nikalitafuna lote, bichi, na pilipili yake. Wakaketi kungoja nife. Machozi, kamasi, jasho, Kasoki, sikuona tena mbele. Mwishowe mumoja akacheka, akaniletea maji. Nilikataa. Hindi walinilazimisha, maji hawakunilazimisha.

Hata hivyo walitupeleka gare, nikawapikia siku nane, ndipo wakatuachilia. Mahindi yako yamesimama. Kindi hagusi, askari hagusi.

Shehe anasema funga ya siku ile haikuharibika, kwa kuwa nililazimishwa. Moyo wangu haukubali. Nitailipa baada ya Idi.

Yaya yako, Khadija

Makiso, 2 Januari 2000

Yaya wangu,

Nimesoma barua yako nimepiga magoti. Nisamehe.

Niambie ni siku gani utailipa. Siku hiyo na mimi sitatia kitu kinywani, hata maji, mpaka jua lizame, kila mutu ngambo yake.

Ndani ya kikaratasi hiki kuna karafuu. Ni za pilau. Kindi usiwape hata moja.

Mudogo wako, Kasoki