Uzi wa Pokuaa

Accra, Alhamisi 12 Machi

Mjomba Ofosuhene, shikamoo.

Ukuta wa nyuma wa darasa la kina Pokuaa umeinama na unaweza kuanguka wakati wowote. Aliyesema ni Mhandisi Asiamah, leo, mbele ya wahandisi wote kongamanoni. Nimekupigia simu, hupatikani. Barua hii anakuletea Pepra, dereva wa basi la huko. Afya yako nitaiuliza ukishawatoa watoto.

Ilikuwa hivi. Mimi na mwenzangu Lante tulikuwa tunaeleza mradi wetu, jinsi sisi wanafunzi wa chuo tunavyozunguka shule za vijijini kufundisha uhandisi kwa vitu vya kawaida. Tukaonyesha picha ya shuleni kwako: Pokuaa amepanda mezani, ameshika timazi yetu ya uzi na jiwe, wenzake wanacheka. Ukumbi ukapiga makofi. Mhandisi Asiamah, mama mfupi wa makamo, hakupiga.

"Binti, uzi ule umening'inia wima?"

"Ndiyo, mama."

"Juu unagusa ukuta. Chini je?"

Nikatazama. Chini, kati ya uzi na ukuta, ngumi ingepita.

"Nani yumo mle ndani sasa hivi?"

Nikatoka ukumbini nikakupigia simu.

Mjomba, siku ile Pokuaa aliniambia, "Dada, chini haugusi." Nikamjibu, "Shika vizuri." Nikapiga picha.

Mpwa wako,
Dufie


Kijijini, Jumamosi 14 Machi

Dufie mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima. Mama yako anatwanga fufu na kuuliza kama huko wanakulisha. Simu yangu iko kwa fundi.

Kwa hiyo umekwenda kutuanika mbele ya wakubwa? Ukuta ule tuliujenga wenyewe, mwaka uliozaliwa wewe, na haujamwangukia mtu. Kidato cha tatu, yaani kina Pokuaa, wanaanza mtihani wa majaribio Jumanne. Chumba kingine sina. Nikiwatoa, wilaya itaufuta mtihani huo, na wataingia kwenye mtihani wa taifa bila kujipima.

Pepra ameisoma barua yako njiani na kuitangaza kituoni. Sasa wauza machungwa wananiita Mwalimu Ukuta. Ahsante sana.

Pokuaa ameomba ule uzi mliouacha. Nimempa achezee.

Mjomba wako,
Ofosuhene


Accra, Jumatatu 16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kongamano limekwisha, lakini Mhandisi Asiamah hajaondoka. Anasema mvua ikilowesha msingi, ukuta hautangoja. Ameanza kuwatafuta watu wa wilaya. Hapa imenyesha tangu alfajiri. Huko je?

Wafanyie mtihani kanisani, au kwenye banda la kakao, popote. Nakupigia magoti. Kasirika baadaye.

Dufie


Kijijini, Jumatano 18 Machi

Dufie,

Ukuta ulianguka jana asubuhi. Mimi mwenyewe nilishuhudia. Hakuna aliyeumia.

Barua yako ya pili nimeipata leo, kwa hiyo sikuwatoa kwa ajili yake. Sikuwatoa kabisa. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nikakuta darasa zima limekaa nje kwenye matope, Pokuaa mbele na uzi wake.

"Ingieni, mtihani unaanza!"

"Mwalimu, jana ilikuwa ngumi. Leo nimepima dirishani, ni ngumi na vidole viwili."

"Nani kakufundisha ubishi?"

"Dada Dufie."

Wakacheka. Nikachukua fimbo. Nilisema nitaanza na yeye, na yeye akanyoosha mkono bila kubishana. Fimbo ilikuwa juu ukuta ulipoanguka nyuma yangu, ndani, juu ya madawati yote ya nyuma. Vumbi lilipotua tuliuona mlima kupitia darasani. Nilipogeuka, Pokuaa alikuwa bado amenyoosha mkono.

Sijala tangu jana. Mama yako anasema ni malaria. Si malaria.

Leo wilaya imeleta ujumbe wa Mhandisi Asiamah: atakuja kukagua kuta zilizobaki Jumanne, tarehe 24, saa tatu asubuhi. Njoo naye. Timazi atashika Pokuaa. Akisema haugusi, andika haugusi.

Mjomba wako,
Ofosuhene